Mashine ya kufulia imegoma kutoa maji: uifungue mwenyewe, ubadilishe pampu, uite fundi wa mtaa au uwape kampuni?

Jumamosi saa tatu usiku, mashuka yako ndani na sare za watoto, maji ya povu yamefika nusu ya kioo, mlango umejifunga na kwenye skrini kuna herufi mbili zinawaka na kuzima. Unabonyeza stati, inaguna kidogo halafu kimya. Unazima, unawasha, hola. Hapo ndo kila mtu ndani ya nyumba anageuka fundi, shemeji anasema hiyo bodi, ile sakiti inayoiendesha mashine, jirani anasema pampu, na bibi anakukumbusha kwamba beseni na mikono havijawahi kuharibika.

Mimi imenikuta mara mbili kwa mashine mbili tofauti. Ya kwanza nilipigwa, nikubali tu. Niliita mtu, akaangalia dakika tano, akasema "bosi, hii bodi imekufa", akaondoka na mashine kwenye bajaji ya mizigo, ikakaa kwake siku tisa, nikalipa elfu tisini, ikarudi inafanya kazi. Mwezi haujaisha ikagoma tena vilevile. Safari hiyo hela sina, nikafungua ule mlango mdogo wa chini kwa hasira tu, nikatoa sarafu ya mia, waya wa sidiria na donge la nyuzi za taulo linalofanana na panya aliyelowa. Ikatoa maji. Mpaka leo sijui ile bodi ilifanywa nini.

Kwa hiyo hapa naweka njia nne ambazo watu wengi wanajikuta wamekwama katikati yake: kusafisha filta na mpira wa kutolea maji mwenyewe, kununua pampu na kuibadilisha mwenyewe, kumwita fundi wa mtaa, au kwenda kituo cha huduma cha kampuni iliyotengeneza. Zote zina mahali pake, hata ile ya fundi ambayo mimi iliniuma.

Ninavyozipima

Vitu vitano tu. Hela inayotoka, na hapo hesabu na nauli na ile pesa ya kuangalia. Muda ambao utakaa bila mashine. Hatari, yani shoti, mafuriko sebuleni, na uwezekano wa kuharibu kilichokuwa kizima. Nne, inatibu ugonjwa gani, maana njia ya bei chee haina faida kama ugonjwa wako sio huo. Na tano inamfaa nani.

Ila kwanza, isikilize

Hiki ndicho kitu kingekuokolea hela kuliko chochote kwenye maandishi haya yote, na watu wanakiruka. Kabla hujachagua njia, weka mashine kwenye kukamua tu au kutoa maji tu, kaa kimya, sikio karibu na chini upande wa mbele, sikiliza sekunde kama kumi na tano.

Ukisikia pampu inazunguka vizuri, ule mvumo laini, lakini maji hayatoki, basi mara nyingi njia imeziba au mpira umekunjika nyuma ya mashine, pampu yenyewe inahangaika bure. Ukisikia inaguna mmmmm bila kuzunguka, kuna kitu kimeng'ang'ania kwenye feni ya pampu, au umeme ni mdogo sana hauna nguvu ya kuisukuma (kwetu jioni taa zikiwa njano njano usianze kufungua chochote, subiri umeme ukae sawa ujaribu tena). Ukisikia kra-kra-kra, hiyo ni sarafu, kifungo au msumari. Ukisikia kimya kabisa, hapo ndo pampu imeungua, au waya umeachia, au bodi haipeleki umeme. Lakini hata kimya usikiamini haraka, pampu nyingi zina kinga ya joto ndani, zikihangaika sana zinajizima zenyewe, ukiziacha nusu saa zikapoa zinarudi. Kama baada ya kupoa imeguna, umepata jibu: imekwama, haijafa.

Na kuna visa ambavyo mashine haina ugonjwa wowote. Mpira wa kutolea maji umebanwa na mashine yenyewe baada ya mtu kuisukuma ukutani wakati wa kudeki. Mtu kabonyeza ile programu ya kushikilia maji ya mwisho yasitoke ili nguo zisikunjane. Povu limezidi kwa sababu umetia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, ambayo imetengenezwa itoe povu jingi, na pampu ikivuta povu haisukumi kitu, inazunguka kwenye hewa. Au bomba la nyumba ndo limeziba, utalijua maana maji yanarudi juu kwenye sinki au kwenye shimo la bafuni. Hapo unahitaji fundi bomba, mashine usiiguse.

Herufi za kwenye skrini zinasaidia kiasi. LG ikishindwa kutoa maji inaandika OE, Samsung 5C au 5E (nyingine za zamani inaonekana kama SE), Bosch nyingi E18, Electrolux E20. Ila zote hizo zinakwambia kitu kimoja tu, "nimejaribu kutoa maji muda ukaisha hayajatoka". Hazisemi kwa nini. Mtu akikwambia OE maana yake pampu imekufa, huyo anakisia.

Na ujue una mashine ya aina gani maana ushauri unabadilika kabisa. Ya mlango wa mbele ina pampu na filta chini. Ya kufungulia juu ya otomatiki, nyingi zinazouzwa huku kwetu hazina pampu kabisa, zina kimota kidogo kinachovuta kizibo, kisha maji yanashuka yenyewe, ndo maana mpira wake unatakiwa ulale chini sakafuni, ukiuinua ukaufunga kwenye sinki haitoi maji hata ufanyeje. Kumbe ile ya mlango wa mbele ni kinyume, mpira wake unatakiwa upande juu, karibu sentimita 60 mpaka 100 kutoka sakafuni, ukiushusha chini maji yanatoka huku yanaingia na mashine haijai. Na ile ya matangi mawili, ya kuzungusha swichi kwa mkono, ina kamba au mkanda wa plastiki kutoka kwenye swichi mpaka kwenye kizibo, kamba ikilegea au ikikatika unazungusha swichi mpaka kesho.

Njia ya kwanza: kusafisha filta na mpira mwenyewe

Hela: sifuri. Labda beseni la kina kifupi kama huna, sinia ya bati inafaa zaidi kwa sababu inaingia chini ya ule mlango.

Muda: saa moja mara ya kwanza, robo saa ukishazoea.

Hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo visa vingi vinaishia. Chomoa plagi, sio kuzima swichi, chomoa. Kama ilikuwa inafua na maji ya moto, subiri yapoe, maji ya nyuzi 60 yakikumwagikia mkononi utasahau habari za filta. Fungua kifuniko kidogo cha chini mbele. Mashine nyingi zina kampira kembamba pembeni ya filta chenye kizibo, kivute nje, kitoe kizibo juu ya sinia, acha maji yachuruzike, ikijaa ziba, mwaga, rudia. Utarudia sana maana ndani kunaweza kuwa na lita 15 au zaidi, usikate tamaa ukafungua filta katikati, utaogelea. Mashine yako haina hicho kimpira? Chomoa mpira mkubwa wa nyuma kwenye bomba, ulaze chini ndani ya beseni, kama njia haijaziba kabisa mengi yatashuka.

Sasa filta, izungushe kinyume cha saa, pole pole, nusu mzunguko, acha yaliyobaki yatoke, halafu malizia. Harufu itakuja, vumilia. Utakuta nyuzi, mchanga (kama mnaenda pwani wikiendi mchanga hauishi), vijiti vya kiberiti, pini za nywele, risiti iliyogeuka uji. Ukishaitoa usiishie hapo kama wengi wanavyoishia. Washa tochi ya simu umulike ndani ya shimo, utaona feni ndogo ya plastiki. Isukume na kidole au kijiti. Inatakiwa izunguke kwa kukwama kwama, kama ina sumaku ndani, na kweli ina sumaku, hiyo ni kawaida usiogope. Isipozunguka kabisa kuna unywele au uzi umejisokota kwenye shingo yake, uvute na kibano. Ikizunguka bila kukwama hata kidogo, laini kama gurudumu la baiskeli, inawezekana imeachia kwenye mhimili wake, nenda njia ya pili au ya tatu.

Nilipofanya hivi kwa mashine ya pili, filta ilikuwa safi kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye feni, kamba ya suruali ya mazoezi ya mtoto, kile kichuma cha mwisho wa kamba, kimejichomeka kati ya feni na ukuta. Kama ningefunga filta baada ya kuona ni safi ningesema pampu imekufa.

Rudisha filta iwe imenyooka, mpira wake wa duara usikunjike, kaza na mkono tu, plaizi ni ya kuvunjia. Mimina lita moja au mbili za maji kwenye tangi, angalia kama inavuja hapo chini, ndo uchomeke na kujaribu kukamua.

Mlango wa mbele ukikataa kufunguka baada ya maji kutoka, subiri dakika mbili tatu ukiwa umechomoa umeme, kufuli nyingi zinaachia zenyewe zikipoa. Usiuvunje, kufuli ya mlango ni hela nyingine.

Kwa wenye matangi mawili, njia hii kwenu ni kufungua kifuniko cha kizibo ndani ya tangi la kufulia (mara nyingi kinatoka kwa kubonyeza au kwa skrubu), kutoa uchafu uliokaa kwenye kizibo, na kuangalia kamba. Kamba ikilegea unaweza kuikaza kwa tundu la mbele zaidi, na nimeona watu wanafunga kwa waya mdogo mashine inafua miaka. Kwa wenye ya kufungulia juu ya otomatiki, hakikisha mpira umelala chini na haujakunjika, safisha kale kamfuko ka nyuzi ndani, zaidi ya hapo njia hii haina mengi kwenu.

Hatari: maji sakafuni, basi. Umeme hauguswi kama umechomoa kweli.

Inatibu: kuziba, kukwama, mpira kukunjika, kamba kulegea. Haitibu pampu iliyoungua wala bodi.

Inamfaa: kila mtu kwanza, hata yule anayejua ataita fundi mwishoni, isipokuwa mtu ambaye mgongo au magoti hayamruhusu kulala sakafuni.

Njia ya pili: kununua pampu na kubadilisha mwenyewe

Hii inasikika ya kutisha kuliko ilivyo. Pampu ya kutolea maji ni kidude cha ukubwa wa ngumi, kina waya mbili, na kimeshikwa na skrubu tatu au nne, au kinazungushwa kidogo kinaachia. Nyingi ni za wati 30 hivi, za 220 mpaka 240, na viwanda viwili vitatu ndo vinatengeneza kwa ajili ya majina mengi tofauti, utaona stika ya Askoll ya Italia au Hanyu ya China kwenye mashine zenye majina tofauti kabisa nje. Ndo maana muuza spea Kariakoo akiishika ya kwako mkononi anakuletea inayofanana bila kuuliza jina la mashine.

Neno muhimu hapo ni *akiishika*. Nenda na ile mbovu. Usiende na picha ya mashine wala jina la mashine, nenda na pampu yenyewe kwenye mfuko, mlinganishe idadi ya matundu ya skrubu, upande plagi ya waya inapotokea, na umbo la feni. Tofauti ya milimita chache unarudi nayo nyumbani inavuja.

Hela: pampu na nauli. Niliyowahi kununua niliuziwa elfu 35 baada ya kubishana, ya kwanza kutajiwa ilikuwa 60, na kwa zile za kampuni zenye umbo lao peke yao bei inaruka. Utahitaji bisibisi ya nyota na plaizi ya kubana klipu, na testa ukiweza kuazima (ile mita ya kupimia umeme na ohm, sio bisibisi yenye kataa).

Testa ni ya nini? Kabla hujanunua. Chomoa umeme, chomoa plagi ya pampu, pima zile ncha mbili. Pampu nzima ya aina hii inasoma ohm mia na kitu mpaka kama mia mbili. Ikisoma haina njia kabisa, koili (waya uliosokotwa ndani ya pampu) imekatika, nunua kwa amani. Ikisoma vizuri na feni inazunguka na njia haijaziba, pampu yako ni nzima na tatizo liko kwenye waya au bodi, na pampu mpya itakuwa hela ya sadaka.

Muda: siku moja ukiwa mjini, asubuhi kutoa, mchana sokoni, jioni kurudisha. Mikoani ongeza siku za kusubiri basi lilete kifurushi.

Hatari: hapa ipo. Mashine ya mlango wa mbele ina zege ndani la kuizuia isirukeruke, inafika kilo 60 na kupita, na pampu nyingi unaifikia kwa kuilaza mashine au kuingia kwa chini. Muwe wawili, tandika blanketi, usiilaze upande wa boksi la sabuni kama bado kuna maji maana yanaweza kwenda kwenye bodi. Piga picha ya waya kabla hujachomoa chochote. Na usijaribu kupima umeme ukiwa unawaka wakati maji yako sakafuni, hiyo kazi muachie mwenye uzoefu.

Inatibu: pampu iliyoungua, feni iliyoachia, pampu inayovuja shingoni. Haina kazi kwenye zile za kufungulia juu zisizo na pampu, kwao kinachonunuliwa ni kile kimota cha kuvuta kizibo, na chenyewe unakijua kwa kusikiliza: wakati wa kutoa maji kinatakiwa kilie kidogo na kuvuta, kama kimya maji hayatoki.

Inamfaa: mtu ambaye ameshawahi kubadilisha soketi au kufungua feni bila kuita mtu, ana siku nzima, na waranti imeshaisha. Kama waranti bado ipo, usiguse skrubu hata moja.

Njia ya tatu: fundi wa mtaa

Najua nilivyoanza nikamsema mmoja, ila niwe mkweli, fundi mzuri wa mtaa ndo njia inayowafaa watu wengi zaidi ya wanavyokubali. Anakuja nyumbani siku hiyohiyo, ameshaona mashine kama yako mara hamsini, na mashine za mtumba kutoka Dubai na Uingereza ambazo vituo vya kampuni wanaziangalia kwa jicho la pembeni yeye anazifungua bila maswali.

Tatizo sio ufundi, tatizo ni kwamba wewe hujui kilichoharibika na yeye anajua hujui. Ndo maana ukiwa umeshasikiliza mashine na umeshatoa filta mazungumzo yanabadilika kabisa. Linganisha "fundi, mashine haitoi maji" na "fundi, filta nimesafisha, feni inazunguka, ila pampu haiguni kabisa hata ikipoa". Huyo wa pili habebewi mashine kirahisi.

Hela: mkubaliane pesa ya kuangalia kabla hajafungua, na kama inakatwa kwenye matengenezo au ni ya peke yake. Halafu spea mkanunue pamoja au akupe risiti ya duka, na ile mbovu ibaki kwako. Fundi wa kweli hakasiriki ukiomba ile mbovu.

Muda: masaa, akitengenezea kwako. Mashine ikiondoka nyumbani hesabu wiki, na kila siku utakayopiga simu utaambiwa "kesho bosi, nasubiri spea".

Akikwambia bodi, mwambie akuonyeshe. Kuna kipimo kinachomaliza ubishi: mashine ikiwa kwenye kutoa maji, apime umeme kwenye plagi ya pampu. Ukifika kama 220 na pampu haizunguki, pampu imekufa au imekwama, bodi imefanya kazi yake. Usipofika, afuate waya mpaka kwenye bodi, na ukikosekana hapo napo ndo neno bodi linaingia. Hata hivyo mashine inayodhani haina maji ndani nayo inaweza isiwashe pampu, na hiyo inatokana na kile kisensa cha kupima maji na kampira kake kembamba ambako huwa kanaziba kwa sabuni iliyoganda, mara nyingi kukapuliza tu kunatosha. Fundi asiyekagua hako kampira na ameshasema bodi, mwambie asante, mpe pesa yake ya kuangalia.

Na usilipe mpaka umeona mzunguko mmoja wa kusuuza na kukamua na maji ndani, mpaka mwisho. Sio "imewaka", imewaka haitoshi.

Hatari: kupigwa, spea ya zamani kuvalishwa kama mpya, nyaya kukatwa na kufungwa kwa tepu ya umeme pasipohitajika. Ukikaa naye pale kwa heshima, na chai, mengi kati ya hayo hayatokei.

Inatibu: karibu kila kitu, mpaka bodi kama ni wale wanaojua kuchomea vidude vidogo. Wapo, na wakikubadilishia kipande kimoja kwenye bodi wanakuokolea bei ya bodi nzima.

Inamfaa: mwenye mashine ya mtumba au ya zamani, asiye na muda wa kulala sakafuni, na mwenye mtu wa kumwelekeza kwa fundi anayejulikana mtaani. Ukimwokota barabarani kwa sababu ana mkoba wa spana, bahati yako.

Njia ya nne: kituo cha huduma cha kampuni

Fupi, maana wenyewe wana utaratibu wao na haubadiliki kwa maneno yangu.

Hela: ndani ya waranti bure au karibu na bure, nje ya waranti ghali kuliko zote, na mara nyingi hawatengenezi kipande wanabadilisha kizima. Cha kujua mapema: vitu vilivyoingia kutoka mfukoni kwako, sarafu na pini, kwa kawaida waranti haivihesabu, utalipia huduma hata kama mashine ina miezi mitatu. Na ile stika ya "miaka 10" iliyobandikwa mbele kwenye mashine nyingi ni ya mota kubwa inayozungusha pipa. Pampu ya kutoa maji haimo. Soma karatasi kabla hujaenda kugombana kaunta.

Muda: ukiwa Dar, Nairobi au Mombasa unaweza kupata mtu ndani ya siku chache, ukiwa mbali na miji mikubwa jiandae kusubiri au kuisafirisha mwenyewe.

Hatari: ndogo kuliko zote. Spea ya kweli, risiti, na ikirudia ndani ya muda wanarudi.

Inatibu: kila kitu, kama modeli yako iliuzwa rasmi nchini. Ile uliyotumiwa na shangazi kutoka Muscat wanaweza wasiwe na spea zake.

Inamfaa: mwenye waranti na risiti, mwenye mashine ya gharama yenye bodi ngumu, na mtu ambaye amani ya moyo kwake ni bora kuliko elfu hamsini.

Sasa wewe uko wapi?

Mashine mpya na waranti ipo: kagua mpira wa nyuma, safisha filta kama kitabu chake kinavyosema (hiyo hairuhusu mtu akufutie waranti, ni usafi wa kawaida), ikikataa piga simu kampuni, bisibisi ibaki kabatini.

Inaguna au inakwaruza na waranti hakuna: njia ya kwanza, jioni hiihii.

Kimya hata baada ya kupoa, na una testa na mtu wa kukusaidia kuinua: pima, koili ikiwa imekatika nenda njia ya pili. Huna testa au umepima pampu ni nzima: fundi, na mwambie ulichopima.

Ya matangi mawili: usimlipe mtu kabla hujaangalia kamba na kizibo. Bei ya mashine yenyewe ni ndogo, gharama za fundi mara mbili tatu zinakaribia kununua nyingine.

Ya mtumba ya miaka mingi na umeambiwa bodi: uliza bei ya bodi, ongeza ufundi, linganisha na bei ya mashine kama yako ikiwa nzima pale ulipoinunua. Ikivuka nusu, mimi ningeiuza kama spea, ila kama pipa na mota vyake bado viko vizuri na fundi wa kuchomea bodi yupo karibu, kuna wanaotengeneza na hawajajuta.

Nyumba ya kupanga na mashine ni ya mwenye nyumba: mpigie kabla hujafungua chochote, mtumie na video fupi yenye ule mlio.

Na yeyote kati yenu ambaye leo hajaamua, angalau usilale na maji ndani. Yatoe kwa ule mpira mdogo, nguo zisuuze kwa mkono uzianike, mlango wa mashine uache wazi, maana mashuka yakikaa siku mbili kwenye maji ya sabuni yaliyofungiwa, harufu yake utahangaika nayo hata baada ya pampu kupona.